Eda ya Kinuni

Nilikisikia kinu kabla sijakiona. Nilikuwa nimeiacha Ndia Kuu na kuingia kile kichochoro chembamba ambacho ukinyoosha mikono wagusa kuta za pande zote mbili, na kabla macho hayajazoea kivuli ikanijia ile sauti: mvumo mzito, kisha pigo moja jepesi, kisha mvumo tena. Vuuu, tap. Vuuu, tap. Miguu ikasimama yenyewe. Kinu kile kilinyamaza nikiwa bado navaa sare ya shule. Injini yake niliiona kwa macho yangu ikisukumwa juu ya mkokoteni kwenda kwa wauza vyuma chakavu, na mawe yake nilijua yamelala uani, yameota majani kwenye tundu la katikati.

Nilipofika nikaona ni fundi tu. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi akizilainisha mbao kwa mashine ya umeme, na kila alipoivuta nyuma waya wake uligonga ukuta. Alinisalimia, akanisogezea ndoo nipite. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kuamini, na mwili ukishaamini si rahisi kuubishia. Ngazi zile nilizipanda nikiwa mtoto wa miaka tisa.

Mama ndiye aliyeniita kwa simu. Kinu, alisema, kimepata wa kukifufua. Ndugu mdogo wa Baba Mkubwa aliyekuwa mwenye kinu, ambaye sisi watoto twamwita Ami, ameamua kukigeuza: juu ziwe nyumba za watu kukaa, chini viwe vyumba vya kazi vya mafundi cherehani, wachoraji, na hawa vijana ambao kazi yao yote imo ndani ya kompyuta. Mtaa mzima ulifurahi, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeanza kuwainamia wapitanjia. Ila dada mkubwa wa Mama, yaani Mama Mkubwa wangu, mke wa Baba Mkubwa, aliyekaa chumba cha juu ya kinu tangu siku alipoletwa bibi harusi, hataki kutoka.

"Njoo wewe," Mama aliniambia. "Sisi tumeshindwa naye. Labda wewe atakusikiza."

Sikwenda kumtoa. Kwamba alikuwa akimngoja mumewe, hilo kila mtu alilijua. Nilikwenda kwa sababu mimi niliwahi kumwona akingoja.

Kama na wewe ulilelewa Mji wa Kale, basi nyumbani kwenu kulikuwa na kikapu cha kinuni. Siku hizi unga wa mchele wanunuliwa dukani umefungwa kwenye karatasi, mweupe, hauna harufu. Wetu ulianza jana yake. Nyanya aliuroweka mchele usiku, asubuhi akauchuja, nami nikapewa kazi ya kuuanika darini juu ya mkeka na kuulinda na kunguru. Ulikuwa ulinzi hasa. Kunguru wa Mombasa hamwogopi mtoto. Humtazama kwa jicho moja, akaipima fimbo yake urefu, kisha akasimama pale pale inapoishia. Nilipiga kelele, nilitupa ndala, na mara nyingine nililia, na bado akaja akaondoka na punje zake kama mtu aliyeziwekeza.

Mchele ukishakauka nusu ulitiwa kikapuni, na kwenye mpini wa kikapu kulifungwa kipande cha leso kuukuu ili ijulikane ni cha nyumba gani. Chetu kilikuwa chekundu cha nukta nyeupe, masalio ya leso aliyojifungulia mama yangu. Jirani wa mbele alikuwa na cha rangi ya bizari. Vikapu vilipangwa kwenye baraza ya kinu, na wenyewe wakaenda zao kupika, kusuka, kusengenya. Foleni ilikaliwa na vikapu. Hakuna aliyekisogeza cha mwenziwe. Ukipita pale asubuhi macho yako yaliona mtaa mzima umekaa barazani kwa utulivu ambao watu wenyewe hawakuuweza.

Baba Mkubwa alisaga kwa utaratibu wake. Mchele hadi adhuhuri, kisha ngano na mahindi, mwisho bizari. Pilipili ilikuwa ya Alhamisi alasiri, ya mwisho kabisa, na baada yake mawe yalisagishwa pumba tupu hadi yasafike. "Mawe yana ulimi," alikuwa akituambia. "Yakionja kitu hayakisahau upesi." Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, nyusi zake nyeupe kwa unga hata siku za Idi, na alipocheka unga ulimdondoka.

Mara moja tu aliuvunja utaratibu ule. Jirani wa mbele alikuwa akimwoza binti yake, akasahau kikapu chake nyumbani hadi Alhamisi, pilipili imekwisha kupita. Akaja mbio. Baba Mkubwa akakataa. Jirani akamwita kaka, akamwita baba, akamkumbusha kwamba mama yake yeye jirani ndiye aliyemnyonyesha siku mama wa Baba Mkubwa alipokuwa mgonjwa. Baba Mkubwa akasaga. Asubuhi ya pili, chai ya ukweni, vibibi vya unga ule wa mchele, vyeupe kama pamba, vikapakuliwa mbele ya wakwe, na shangazi wa bwana harusi akauma kimoja, macho yakamtiririka. Kisha wa pili. Kisha safu nzima. Jirani wetu, kwa kuwa alikuwa jikoni hajaonja kitu, aliwachungulia mlangoni akalia na yeye. "Tazama," alimwambia Nyanya, "tazama walivyompenda mwanangu." Siku ile Baba Mkubwa hakuonekana nje ya kinu, na kwa miaka mtu akilia harusini sisi tulimuuliza amekula nini.

Nikikueleza hivi waweza kudhani kinu kilikuwa mahali pa kicheko tu. Kilikuwa na upande wake mwingine. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, Baba Mkubwa alifungua mlango na kusimama nje. Mle ndani kiza, harufu ya chokaa na mafuta ya injini. Alitoa salamu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyowasalimu watu waliokaa sebuleni. Akangoja kidogo. Ndipo akaingia. Nilimuuliza anamsalimu nani, akaniinamia.

"Nyumba hailali peke yake, mwanangu. Wewe ukitoka, wako wanaoingia. Ni adabu kuwaambia umerudi."

Tangu siku hiyo sikupenda kuingia kinuni peke yangu, lakini kila asubuhi nilienda kusikia akisalimu.

Siku aliyoondoka ilikuwa siku kama nyingine, na hilo ndilo lililotutesa. Mkanda wa injini ulikuwa wa ngozi, umeungwa kwa pini za chuma, na pale kwenye kiungo ndipo palipolitoa lile pigo jepesi kila ulipopita kwenye gurudumu. Pini zilikuwa zimeanza kulegea. Baada ya sala ya adhuhuri, huku mchele bado umo kwenye mdomo wa kinu, alimwita mkewe kutoka jikoni. Mama Mkubwa akashuka, mikono imelowa tui, leso kiunoni. Baba Mkubwa akamwambia anatoka mara moja kwenda nyuma ya Marikiti kutafuta pini nyingine kabla mkanda haujakatika.

"Nishikie kinu. Naja sasa hivi."

Muuza kahawa wa kona alimwona akipita, wakasalimiana. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Mama Mkubwa akashika. Akaumaliza mchele, akatia ngano, akasaga mahindi ya watu hadi adhana ya magharibi, kwa kuwa hakujua kuizima injini bila ya mumewe, na mkanda haukukatika. Kesho yake wakaanza kutafuta. Walikwenda hospitali, polisi, chumba cha maiti, kivukoni, wakaenda hadi Kibarani wakafuata ufuo kwa miguu. Nyuma ya Marikiti wauza vyuma waliapa hakufika. Halafu zikaja zile habari ambazo mtu aliyepotea huletewa: kaonekana Tanga, kaonekana Maskati amefuga ndevu, ana mke mwingine na watoto. Mganga mmoja akasema kachukuliwa na wenye kinu, wale aliokuwa akiwasalimu asubuhi. Mama Mkubwa alizisikiliza zote kwa heshima, akawakaribisha chai walioleta, na hakuamini hata moja.

Nyanya alitaka asomewe hitima. Mama Mkubwa akasema hitima husomewa maiti. Miaka ilipopita wazee wakamwambia taratibu kwamba sheria ina njia, kwamba kadhi aweza kumhukumia mtu aliyepotea kuwa amekufa, na yeye bado kijana, atakaa eda kisha aolewe. Jibu lake likawa lile lile, nasi wajukuu wa nyumba ile tulilijua kwa moyo. "Nimeambiwa nishike. Sijaambiwa niache."

Basi akawa yeye ndiye msagaji. Alijifunza injini, alijifunza kuchonga mawe yakiisha makali. Nyusi zake nazo zikawa nyeupe. Asubuhi alifungua mlango, akasimama nje, akatoa salamu kwenye kiza. Tofauti moja tu ilikuwepo: mumewe alikuwa akingoja kidogo, yeye alingoja sana. Wakati mwingine sisi watoto tulikwisha kupanga vikapu vyote na yeye bado amesimama pale, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayejibiwa kwa sauti ya chini.

Vikapu vikapungua. Watu walihamia Tudor, Nyali, wengine Ulaya. Waliobaki wakanunua mashine ndogo za jikoni. Mwisho injini ikafa, na hapakuwa na sababu ya kuitengeneza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa Ramadhani, ile saa ya baada ya adhuhuri ambapo Mji wa Kale wote umelala kwa saumu na joto, kunguru wenyewe wamekaa ukutani midomo wazi. Nilikuwa nimetumwa kurudisha sinia. Kichochoroni hapana mtu. Na kinu kikawa kinasaga. Polepole mno, lakini ni chenyewe: vuuu, kisha kimya kirefu, kisha tap. Nilijua injini imekufa. Nywele zilinisimama hadi za mikono. Nikasukuma mlango.

Mama Mkubwa alikuwa amelishika gurudumu kubwa kwa mikono miwili, analizungusha. Buibui ameliweka kando, jasho linamtoka, midomo imemkauka. Aliniona na hakuacha.

"Saa hizi ndizo alizotoka," alisema. "Ikiwa yuko karibu, asikie."

Niliiweka sinia chini, nikashika gurudumu upande wa pili. Lilikuwa la baridi, zito, na lilipokubali kwenda lilikuvuta nalo. Tulizungusha pamoja. Na nikuapie kweli: tulipokuwa tukizungusha, nje ya mlango mtu alisafisha koo, kama anavyofanya mwanamume anayetaka wanawake wajue anaingia. Sote wawili tuligeuka. Mama Mkubwa akatoka mbio kichwa wazi. Kichochoro kilikuwa kitupu, na paka amelala katikati yake, hajaamka.

Hakuniambia nisiseme. Sikusema.

Hayo ndiyo niliyopanda nayo ngazi siku ile, fundi akiendelea kulainisha mbao nyuma yangu. Chumba cha juu hakikuwa kimebadilika ila dari lilikuwa limeshuka, boriti zimeoza, na pembe moja mbingu ilionekana. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikambusu mkono. Akaniuliza habari za huko nitokako, moja moja, hakuruka hata moja, kwa kuwa hawezi kuingia kwenye jambo kabla salamu hazijakwisha.

Halafu akaniuliza, "Umeletwa unitoe?"

Nikamwambia nimekuja kukaa naye.

"Basi kesho nipeleke kwa kadhi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka zaidi ya ishirini watu wazima wamemwomba jambo hilo akalikataa. Akaniona nilivyomtazama, akapapasa godoro nikae.

"Wakikivunja chumba hiki, eda nitamkalia wapi? Mke humkalia mumewe eda nyumbani kwake, miezi yote ile, hatoki. Hii ndiyo nyumba yake, hana nyingine. Nikikawia nitakuwa mjane asiye na pa kuuweka ujane wake. Nimeshika, mwanangu, nimeshika hadi mkono umekufa ganzi. Na sasa hata hicho nilichokishika wanakiondoa mkononi. Angalau nimlilie kwake."

Ndipo nilipolielewa lile ambalo Mama na wajomba hawakulielewa. Walidhani anagombea chumba. Kumbe alikuwa akigombea muda wa kuomboleza ndani yake, na muda huo mafundi walikuwa wameanza kuula.

Kesho yake nilimpeleka. Kadhi alimuuliza maswali yale yaulizwayo, kwa upole, na kila alipouliza ni lini mara ya mwisho kumwona mumewe alijibu kwa jambo na si kwa tarehe: mchele ulikuwa mdomoni mwa kinu, tui lilikuwa jikoni. Tulirudi mara kadhaa, mashahidi wakaitwa, muuza kahawa akafa kabla ya zamu yake kufika na mwanawe akaja kuyasema ya baba yake. Mwisho hukumu ikatoka. Tulirudi kwa miguu. Alipofika chumbani alivua bangili zake, akaziweka dirishani, akaniomba nimtolee nguo nyeupe sandukuni.

Ami alikuja jioni ile anatabasamu. Alikuwa amesikia habari za kadhi, akadhani kizuizi kimeondoka. Sitaki umwone mbaya. Alikuwa amejitolea umri wake kwa jengo lile wakati warithi wengine walitaka liangushwe, na fundi mkuu alikuwa amemwambia lazima waanzie juu, paa liwe limekwisha kabla ya masika. Mama Mkubwa, kwa kuwa Ami si wa kumwona tena akiwa edani, alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji, kaka yako amefariki. Nataka kumkalia eda hapa kwake."

Ami alifungua kinywa kuzungumza habari za paa. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona jinsi neno lilivyomfikia. Miaka yote hiyo alikuwa amesema "kaka alipotoka", "tangu kaka asiwepo", kama sisi sote. Akajishika ukuta, akakaa kwenye ngazi mpya zilizojaa vumbi la mbao. "Kaka amefariki," alisema, na akalia kama mtu aliyepata habari dakika ile, ndevu zake nyeupe zikitetemeka, na mafundi wakazima mashine zao mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa.

Kesho yake majamvi yakatandikwa kichochoroni, kahawa ikapikwa, hitima ikasomwa. Waliokuwa wamehamia Nyali walikuja. Jirani wa mbele, ambaye sasa hatembei, alibebwa na kiti chake. Baada ya miaka ile yote, Baba Mkubwa alipata matanga.

Ikabaki kuishi miezi minne na ushei ndani ya nyumba inayovunjwa. Fundi mkuu alikuwa mtu wa bara, Mkristo aliyezaliwa Changamwe kwa baba mfanyakazi wa reli, na mwanzo alidhani tunamficha mgonjwa. Nilipomweleza, alivua kofia ya kazi akaishika mkononi, na tangu siku hiyo hakuzungumza na lile pazia akiwa ameivaa. Aliwaagiza watu wake wapande kwa nyuma, na anayelazimika kupita mbele ya chumba akohoe kwanza. Basi nyumba nzima ikawa inakohoa. Fundi wa rangi kutoka Kilifi alikohoa hadi Mama Mkubwa akamtumia tangawizi.

"Mama, tukigonga sana hatukukeri?" fundi mkuu alimuuliza siku moja.

"Gongeni, baba. Nyumba iliyonyamaza ndiyo inayonikera."

Masika hayakumngoja. Asubuhi moja kipande cha dari kilianguka, chokaa na kokoto za matumbawe, kikatua kitandani alipokuwa ametoka kuinuka kwa sala. Ami alikuja akasimama ngazini. Akamsihi ahamie kwa Mama, akamwambia Mungu ni mwingi wa rehema na eda haivunjiki kwa dharura, na alisema kweli. Mama Mkubwa akamjibu kwamba anajua. Akamjibu pia kwamba hajaona dharura bado, ameona chokaa. Nilidhani hapo ndipo patakapoishia. Nilianza hata kukunja nguo zake. Fundi mkuu ndiye aliyekohoa nje ya pazia akasema anaweza kuliezeka paa ukanda kwa ukanda, huku wamesimamisha nguzo chini na kutandika turubai, mama akae upande ambao haujaguswa, kisha wambadilishe upande. Itakuwa kazi mara mbili. Ami alisema fanyeni.

Kwa hiyo alihama ndani ya chumba kimoja, na kitanda chake, kutoka ukuta hadi ukuta, kama kivuli kinavyohama uani. Juu yake paa jipya likaota. Chini yake milango ikafungwa, madirisha yakatiwa vioo, waya zikapitishwa. Mwanamke kijana aliyechora ramani aliyaleta yale mawe mawili kutoka uani, yakasuguliwa, yakasimamishwa ukumbini kuwa pambo, na taa ikawekwa nyuma yake. Ni mazuri. Wageni huyapiga picha.

Mimi nilikaa naye karibu siku zote zile. Tulichambua mchele, tulisoma, tulizungumza habari za watu waliokwisha kufa kana kwamba wako chumba cha pili. Alasiri moja mafundi walikuwa wameondoka mapema, na ile saa ya baada ya adhuhuri ikaingia nyumbani kimya kabisa. Nilimwona ameinamisha kichwa upande, kama zamani. Nikangoja naye. Nakiri nilikuwa nimetega sikio na mimi, tangu siku niliyorudi nilikuwa nimelitega.

"Wasikia?" aliniuliza.

"Sisikii kitu, Mama Mkubwa."

"Nami sisikii." Akarudi kwenye mchele wake. "Tangu asomewe hasafishi koo tena."

Alilisema bila huzuni, kama mtu anavyosema mvua imekatika. Mimi ndiye niliyelia. Kumbe yeye alikuwa akimsikia miaka yote, na mimi nilidhani ni siku moja tu, ile ya sinia.

Eda ilikwisha siku ya Jumatatu. Wanawake walikuja asubuhi na maji ya asumini, wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamvisha leso mpya ambazo bado zilikuwa ngumu kwa wanga. Walimtania kwamba amenona. Jirani wa mbele alituma ujumbe kwamba kama anatafuta mume, yeye ana mtoto wa kiume asiyefaa kitu. Mama Mkubwa alicheka hadi akaomba maji.

Ami alikuwa akimngoja chini, ameinamisha macho, karibu na yale mawe yaliyowashiwa taa. Alikuwa amemtengea nyumba nzuri kuliko zote, ile yenye dirisha la kuangalia bahari. Alimwambia ni yake hadi mwisho wa uhai wake, na hakusema kwa ukubwa, alisema kama anayeomba.

"Mungu akulipe, shemeji," Mama Mkubwa alimwambia. "Humu nimekuwa mke, na humu nimekuwa mjane. Jingine la kuwa humu sina."

Mama alimchukua mkono wa kulia, mwanamke mwingine akachukua mfuko wa nguo. Mimi nilibaki juu ya ngazi. Niliombwa nikitazame chumba kama kumebaki kitu, na hapakuwa na kitu. Mafundi walikuwa tayari wanachanganya chokaa ya kupaka ukuta wa mwisho wa zamani.

Huulizwa mara nyingi, na watu wema, kama sioni uchungu kinu kimekuwa nyumba za kupanga. Sioni. Bora taa na watu kuliko ukuta unaoinamia wapitanjia, na usiku sasa hivi kuna mtoto mle anayejifunza kupiga kinanda, vibaya, na kichochoro kizima chamsikia. Kilichoondoka si kinu. Palikuwa na mahali Mombasa ambapo mtu alikuwa akingojewa kila siku, mchana na usiku, na mahali kama hapo huwa na uzito, hata mpita njia huusikia mabegani asijue ni nini. Sasa mtu yeyote aweza kupita pale bila kusikia kitu. Mimi mwenyewe nimepita.

Nikiwa pale juu nilimwona Mama Mkubwa akivuka ukumbi, mgongo wake mdogo ndani ya leso mpya, akishika ukuta kwa mkono wa kushoto hadi ukuta ulipomwishia. Hakusimama kizingitini. Akatoka kwenye jua, na mlango, ambao ni wa namna hii mpya ya kujivuta wenyewe, ukamfuata nyuma polepole bila ya mkono wa mtu, ukafunga.